Muuza Misumari Aliyegeuzwa Msukaji

Katika miaka ya tisini nilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Garissa, mwendo mfupi kutoka soko la mbuzi. Niliuza misumari, mabati, saruji, bawaba, kufuli, rangi, mabomba ya maji na waya wa seng'enge. Duka lilikuwa la marehemu baba yangu. Nilipomaliza kidato cha nne alinisimamisha nyuma ya kaunta, na alipofariki nikabaki papo hapo, kwa kuwa ndugu zangu wa kiume wote walipenda malori. Mume wangu mwenyewe alikuwa dereva wa lori la njia ya Liboi, na mtu akimuuliza bei ya bati alijibu, "Mimi sijui, muulize mwenye duka." Nayasema haya mapema ili ijulikane kazi yangu ilikuwa nini, maana kuna watu walioijua vizuri sana kisha siku moja wakajifanya hawaijui.

Chama chetu cha wafanyabiashara kilianzishwa na mtu ambaye si mfanyabiashara. Alikuwa daktari wa mifugo, Mkristo aliyeletwa kwetu na serikali. Tulikuwa tukisema watu kama yeye "wametoka Kenya", kana kwamba Garissa ilikuwa nchi nyingine, na kusema kweli mara nyingi tulifanywa tujione hivyo. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amepelekwa kusoma Norway, katika mji ulio kando ya bahari ambako mafuta huchimbwa chini ya maji. Mwenyeji wake kule alikuwa akimchukua kila Alhamisi asubuhi kwenye chama cha wenye biashara. Watu hukutana kabla ya kufungua kazi, wanakunywa kahawa, na kila mmoja anasimama kwa dakika moja tu. Anasema anauza nini na anatafuta nini, basi, anakaa.

"Hakuna hotuba," daktari alituambia, na macho yake yaling'aa. "Hakuna meza ya wakubwa. Muuza rangi anakaa na mwenye meli."

Tulianza watu wanane katika ukumbi wa hoteli moja, Alhamisi saa moja na nusu asubuhi, kwa anjera, chapati zetu laini za unga uliochachushwa, maini na chai ya maziwa ya ngamia. Baada ya miezi michache tulikuwa karibu ishirini, Wasomali na waliotoka Kenya tumechanganyika. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Asubuhi ya kwanza nilisimama nikasema ninauza vifaa vya ujenzi na ninatafuta mwenye lori linalorudi tupu kutoka Nairobi. Kabla ya Ijumaa ya pili nilikuwa nimempata. Sitakidharau chama kile kwa mwanzo wake. Nilikipenda. Alhamisi nilikuwa naamka nikiwa na hamu.

Mwenyekiti tulimchagua mzee mmoja muuza ng'ombe, mtu aliyekuwa na mifugo hadi Buna na wanunuzi hadi Mombasa. Hakusoma, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kwetu, P inakuwa B na V inakuwa F, lakini hesabu ya biashara aliijua kuliko sisi tuliokaa darasani. Mimi nilimwita adeer, yaani baba mdogo, na yeye aliniita vivyo hivyo, kwani kwetu mkubwa na mdogo huitana kwa neno lile lile. Alikuwa amemjua baba yangu. Alinunua kwangu mabati ya nyumba zake zote mbili.

Mwaka wa pili wa chama, daktari aliingia mkutanoni na barua. Wale wa Norway walikuwa wamesikia habari zetu kwake, na wawili kati yao walikuwa wanakuja Kenya. Wangependa kukaa nasi Alhamisi moja. Ukumbi ulilipuka kwa furaha. Mimi nilipiga makofi kama wote. Wiki iliyofuata wakaanza kugawa kazi: huyu mbuzi, yule viti, mwingine gari la kuwapokea wageni darajani, mahali pa kuingilia mji. Mwenyekiti akafika kwangu.

"Na wewe, adeer, utakaa na fitu fya akina mama. Wageni nataka kuona dhiil, mikeka, hiyo yote."

Dhiil ni chombo cha maziwa cha wafugaji wa kwetu. Husukwa kwa nyuzi za mizizi, zikakazwa hata tone lisipite.

"Adeer, mimi sisuki," nikamwambia.

"Si lazima wewe nasuka. Leta tu."

"Mimi nauza misumari. Si nisimame niseme nauza misumari, kama kila Alhamisi?"

"Misumari hata kwao iko!"

Watu wakacheka. Nilimtazama daktari, yule aliyetuambia hakuna meza ya wakubwa. Aliinamisha kichwa kwenye karatasi zake.

"Dada, ni maonyesho tu," akasema. "Wageni wanapenda mambo ya utamaduni. Kitakachotusaidia sisi kitakusaidia na wewe."

Nilikubali. Hadi leo hilo "haya" nililosema linaniwasha. Nilijiambia ni asubuhi moja tu, na kwamba zamu ya kusimama ikifika nitasimama kama wengine.

Jumatatu nilikwenda Balambala kwa habaryar, mdogo wake mama yangu. Aliishi huko karibu na mto, akifuga na kulima kidogo, na mikono yake ilijulikana mbali. Mjini hatukuwa na mtu wa kusuka dhiil kama yeye. Nilimkuta anafukiza chombo kwa moshi wa mti, jinsi wanavyofanya ili maziwa yakae vizuri na yapate harufu. Alikuwa na dhiil mbili mpya, kubwa, zenye kauri shingoni. Alikuwa amezisuka kwa ajili ya harusi ya binti yake wa mwisho. Nilipomweleza shida yangu alitikisa kichwa.

"Hivi ni vitu vya nyumba ya bibi harusi, habaryar," akasema. "Havitembezwi."

"Asubuhi moja tu. Ijumaa vitakuwa hapa. Wallahi."

Alivifunga mwenyewe kwa khanga, akaniwekea mapajani ndani ya gari kama anayenikabidhi mtoto mchanga.

Alhamisi tulikwenda watano darajani kuwapokea wageni. Walikuja mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wote wa makamo, wekundu kwa jua. Kwenye kizuizi askari aliwapungia mkono wapite. Daktari naye akapita. Kisha akamsimamisha mwenyekiti wetu, mzee mwenye ndevu za hina na kanzu iliyopigwa pasi, akamtaka kitambulisho, na baada ya kitambulisho ile kadi nyingine tuliyopewa Wasomali peke yetu, ya kuthibitisha kwamba sisi ni Wakenya. Mzee alipapasa mifuko huku wageni wakitazama vidole vyao. Nilimwonea uchungu mpaka machozi yakanilenga. Nilidhani mtu aliyefanyiwa hivyo asubuhi hawezi kumfanyia mwenzake adhuhuri. Nilikosea.

Ukumbini wanaume walikaa meza ndefu pamoja na wageni. Meza yangu ilikuwa mlangoni, karibu na pipa la maji ya kunawia mikono. Walikuwa wameitandika mkeka, wakaniomba nivae guntiino, vazi la kale la kufunga begani ambalo mimi nilikuwa nimelivaa mara mbili maishani. Nilikataa. Nilivaa dirac yangu, gauni pana la kila siku, na shali, nikapanga zile dhiil, nikangoja.

Walianza kujitambulisha. Mgeni mwanamume alisema ana hoteli ndogo bandarini. Kisha akasimama yule mama, akasema kwa Kiingereza cha polepole kwamba ana kampuni aliyoachiwa na baba yake. Wanauza bolti, nati na valvu kwa mitambo ya kuchimba mafuta baharini.

Sijui nieleze vipi jinsi moyo wangu ulivyoruka. Mwanamke, duka la baba yake, bolti! Nilisimama nusu kabla sijajua ninafanya nini. Nilikuwa na maswali tele. Kwetu bolti zilishika kutu ndani ya boksi kabla hazijauzwa, nao waliziweka ndani ya bahari. Nilianza kupanga maneno yangu ya dakika moja kichwani.

Zamu ikazunguka. Muuza ng'ombe, mwenye mafuta ya taa, mwenye malori, muuza vitambaa, muuza vioo. Baada ya muuza vioo nilikuwa mimi. Daktari akasimama, akasema, "Asanteni sana, hao ndio wanachama wetu." Wote wakapiga makofi.

Nilibaki nimesimama pale kando ya pipa. Hakuna aliyenitazama. Watu ambao kila Alhamisi walinisikia, ambao nyumba zao zilisimama kwa misumari yangu, walinyoosha mikono kuchukua chai.

Kisha daktari akawaleta wageni kwenye meza yangu. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema kwa Kiingereza, "Na huyu ni mama msukaji. Hiki kimoja kilimchukua miezi miwili."

Alijua kwamba najua Kiingereza. Ndiye aliyekuwa akiniomba nimkagulie barua zake. Yule mama wa bolti aliinama, akashika shingo ya dhiil kwa vidole viwili, akaniuliza kwa sauti ya kumsemeza mtoto, "Wewe... umetengeneza?"

"Hapana," nikamjibu kwa Kiingereza. "Vimetengenezwa na mdogo wake mama yangu, anakaa Balambala. Mimi nauza misumari, mabati na bolti. Duka aliliacha baba yangu. Nami nina swali: zile bolti zenu mnazifanyaje zisishike kutu baharini?"

Alinikodolea macho, kisha akacheka, na hakuwa akinicheka. Aliiweka dhiil chini, akavuta kiti. Akaniambia huzichovya katika zinki iliyoyeyushwa, na nyingine ni za chuma kisichoshika kutu kabisa, ghali mno. Aliniuliza nanunua wapi zangu. Nikamwambia. Akauliza nazihifadhi vipi. Tulizungumza pengine dakika tatu, na katika miaka yangu yote ya kaunta sijapata kuzungumza na mtu aliyeielewa kazi yangu kama yule.

Mwenyekiti akakohoa. "Sasa sawadi!" akasema. Alikuja, akainyanyua ile dhiil kubwa zaidi, akamkabidhi yule mama kwa mikono miwili.

Nilimwambia kwa Kisomali, "Adeer, hiyo si yetu. Ni ya watu. Ni ya harusi."

Alinijibu kwa Kisomali pia, akitabasamu kwa ajili ya wageni. "Nyamaza. Utatuaibisha."

Na nikanyamaza. Hili naliandika kwa sababu hasira yangu yote haitakuwa ya haki nisipojitaja na mimi. Ningeweza kumwambia yule mama kwa Kiingereza kile kile, naye angeirudisha papo hapo, nina hakika. Lakini watu walikuwa wanapiga makofi, kamera imeinuliwa, na mzee aliyemjua baba yangu ananitazama. Nikashikishwa ile dhiil ya pili nikapigwa picha. Saa nane wageni walitakiwa kuwa kwenye uwanja mdogo wa ndege.

Gari lao lilipoondoka nilimfuata mwenyekiti uani.

"Umetoa kitu cha mtu."

"Nitanunua ingine."

"Utanunua wapi? Dukani kwa nani?"

Alimwita mtu amletee viatu vyake.

Alhamisi iliyofuata ndipo waliponihukumu. Daktari alisoma kwamba mwanachama mmoja alizungumza na wageni nje ya utaratibu na kuonyesha mgawanyiko mbele yao. Ikapendekezwa nikae nje mwezi mmoja. Waliinua mikono, wengine nusu nusu, lakini waliinua. Muuza vioo peke yake hakuinua, naye hakusema kitu.

Nilisimama. "Mlinileta mlangoni nikae na chombo nisichokisuka," nikawaambia. "Mkanivusha zamu yangu. Mkadanganya kwa jina langu. Mkaiba mali ya mwanamke asiyekuwapo. Na mwenye kosa ni mimi kwa sababu nilisema ninauza nini? Si kwa ajili ya hilo chama hiki kilianzishwa?"

Daktari alisema, "Dada, tafadhali, tusipandishe sauti."

Nilikuwa sijapandisha sauti. Nilichukua mkoba wangu nikaenda kufungua duka.

Balambala nilikuwa nimekwenda Ijumaa ile niliyoapa, na dhiil moja. Njiani nilitafuta maneno nikakosa. Habaryar alinikaribisha, akanipa chai, na mimi nikaanzia mbali, kwenye ule uongo wa daktari, nikitumaini atacheka kwanza. Alicheka kweli.

"Wewe? Ulisuka? Wewe ambaye kamba ya mbuzi inakushinda kufunga?"

Kisha akatazama nyuma yangu, akaona khanga imefunga chombo kimoja. Kicheko kikaisha. Nikamweleza yote.

"Waliniomba?" akauliza.

"Hapana."

"Walimwomba binti yangu?"

"Hapana, habaryar."

"Basi hao wageni hawajapewa zawadi. Wamebebeshwa kitu cha mtu bila kujua. Kawaambie wanaume wako hivyo."

Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Harusi ilifanyika na dhiil moja. Ya pili ilikuwa ya kuazima kwa jirani, na wanawake waliokuja kumtengenezea bibi harusi nyumba waliiona, wakauliza, na habaryar akalazimika kueleza mara kwa mara, huku mimi nimekaa pale na kikombe mkononi.

Karibu miezi saba baadaye muuza vioo alikuja dukani na kijarida kilichotoka kwa wale wa Norway. Kilikuwa na picha. Yule mama wa bolti na mimi, na dhiil mbili katikati. Maneno chini yake yalikuwa ya lugha yao, lakini waliambatisha ukurasa wa Kiingereza: msukaji wa kienyeji wa Garissa akiwa na kazi ya mikono yake, ambayo sasa imewekwa katika kabati la kioo ukumbini mwetu.

Nilihisi masikio yakipata moto. Wanaume wetu nilikuwa nimewazoea. Lakini yule! Alivuta kiti. Aliniambia habari za zinki. Na baada ya yote, mtu aliyetakiwa katika kijarida chake alikuwa yule yule aliyebuniwa na daktari.

Niliandika barua ya kurasa mbili usiku ule ule bila kumwonyesha mtu. Nilimweleza dhiil ilikuwa ya nani, ilisukwa kwa ajili gani, na ilifikaje mikononi mwake. Nikamalizia hivi: "Uliniuliza nanunua wapi bolti zangu. Sikukuuliza kama unajua kusuka."

Jibu lilichukua muda mrefu kiasi kwamba nilikata tamaa. Lilipokuja lilikuwa la mkono wake. Alisema maneno ya kijarida yaliandikwa na mwingine kwa kufuata orodha aliyoiacha daktari, na kwamba yeye aliyaona akayaacha yapite, na anaona haya kwa kuyaacha. Hakujitetea zaidi. Atasahihisha katika toleo lijalo. Na dhiil atairudisha, nimwambie tu aitume wapi.

Nilimpelekea habaryar habari. Alifikiri huku akimenya viazi vyake.

"Imekaa muda gani bila maziwa na bila moshi?"

"Zaidi ya mwaka sasa."

"Imekufa hiyo. Itapasuka ukitia maziwa. Wakae nayo. Lakini waandike imetoka kwangu, na waandike haikutolewa na mimi."

Nikaandika hivyo hivyo. Waliandika, na walituma picha ya ile kadi ndani ya kabati, yenye maneno yote mawili. Habaryar hakujua kusoma. Aliomba nimsomee mara tatu, kisha akaiweka picha chini ya godoro na hakuitaja tena mbele yangu. Wakati huo alikuwa ameshasuka nyingine, binti yake akaichukua.

Na wanaume wangu? Waliendelea. Mwenyekiti aliendelea kuwatuma watu wake kununua saruji kwangu, akaendelea kuniita adeer njiani, akiuliza watoto na afya, kana kwamba kilichotokea kilikuwa mvua iliyonyesha na kukauka. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Mara mbili waliniita nirudi chamani. Mara zote mbili nilijibu nitarudi siku itakapoandikwa katika kumbukumbu za mkutano kwamba nilivushwa zamu yangu, na kwamba dhiil ya watu ilitolewa bila ruhusa. Mistari miwili tu. Hawakuiandika.

Daktari alikuja dukani siku aliyopata barua ya uhamisho. Alinunua kufuli tatu za masanduku yake. Nilizifunga kwenye gazeti. Aliendelea kusimama.

"Dada," akasema, akitazama rafu, "kuhusu ile siku ya wageni. Samahani. Nilitaka mambo yaende vizuri."

"Yalienda vizuri kwa nani?"

Aliligeuza lile furushi la gazeti mkononi. Nilimwona jinsi alivyochoka, na nikakumbuka macho yake yalivyokuwa yaking'aa alipotuhadithia ule mji.

"Nimekusikia," nikamwambia. "Sasa ulisemalo hapa, kalisemee ukumbini Alhamisi. Kule ndiko ulikosema lile la msukaji."

"Nitajaribu," akasema.

Hakuingoja Alhamisi; aliondoka na lori la Jumatano alfajiri. Muuza vioo ndiye aliyeniambia kwamba kesho yake mkutano ulimwombea safari njema na kumshukuru kwa kutuunganisha na dunia. Mimi nilikuwa napokea mzigo wa mabati, nikaendelea kuhesabu.